Ndiyo ya Tatu

Nilipofika Kambove kwenye kilio cha Mado nilihesabu viti, kwa sababu ndivyo nilivyo. Vilikuwa hamsini na viwili, vya plastiki, vya kukodi, chini ya turubai la buluu lililofungwa kutoka ukuta wa nyumba hadi nguzo ya umeme ambayo haijaleta umeme tangu msimu wa mvua. Nikahesabu tena, vikawa hamsini na kimoja: mama mmoja alikuwa amebeba chake kukifuata kivuli. Ilikuwa alasiri, jua kali, na mchungaji alikuwa ameshika maikrofoni ambayo watu hamsini na wawili hawakuihitaji. Alisema Mungu alikuwa ameipanga siku ya Mado kabla hajaumbwa tumboni mwa mama yake, na kwamba hata nywele za kichwa chake zilikuwa zimehesabiwa. Nilifarijika kidogo kusikia kuna mwingine mwenye tabia hiyo. Lakini haikupita muda akasema Mado alimchagua Bwana kwa hiari yake mwenyewe, na sisi tuliobaki tuchague leo, kwa hiari yetu. Mimi nimeuza vipuri vya baiskeli katika soko la Likasi zaidi ya miaka thelathini. Ukishamuuzia mtu mnyororo, huwezi kumuuzia jirani yake mnyororo uleule. Ama siku imepangwa, ama tunachagua. Ila kilio si mahali pa kubishana bei, kwa hiyo nikapokea chai.

Ndipo Polydor akaja kuketi karibu nami. Polydor ni mume wa Mado, mchimbaji wa zamani, mtu mrefu ambaye mashimo yamempinda mgongo. Mado alikuwa binti wa shangazi yangu, na kwa hiyo Polydor huniita Beau, kama tunavyoitana huku sisi mashemeji.

"Beau," akasema, akiangalia viatu vyake, "nikuulize kitu. Ile siku ya dot, kule Shituru. Weye njo ulikuwa unarudilia maneno yake. Mado alisemaka ndiyo ngapi?"

"Unauliza leo, Polydor?"

"Zamani nilikuwa naogopa jibu. Sasa niogope nini? Eko mu sanduku."

Kabla sijafungua mdomo mchungaji akamwita mfiwa mbele aombewe. Polydor akasimama, akaniwekea mkono begani, akasema, "Usiende. Ninarudi." Maombi ya mchungaji yule ni marefu. Nilipata nafasi ya kuupitia mwaka ule mzima, kisha kuurudia.

Ngoja nieleze, kwa wasiojua. Kwetu, vitu vya dot, mahari, vikishawekwa juu ya mkeka, havigusiki mpaka binti aulizwe. Nonko wake, yaani ndugu wa mama yake, anamuuliza mbele ya watu wote: hii vitu tukule? Anauliza mara tatu. Binti amepiga magoti, kikwembe kichwani, macho chini, na kwa sababu si adabu kupaza sauti, anajibu kwa kunong'ona. Msemaji wa familia amekaa karibu naye kabisa. Yeye ndiye anayesikia, na yeye ndiye anayelirudia jibu kwa nguvu ili wa mlangoni nao wasikie. Zinatakiwa ndiyo tatu. Mbili hazitoshi; kwa mbili watu wanachukua mbuzi wao na kurudi. Wageni wanaotucheka kwamba tunauza mabinti hawajui hilo. Tunawauliza. Pengine hakuna siku nyingine katika maisha yake ambapo mwanamke wa kwetu anaulizwa jambo mara tatu. Na siku ile msemaji nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Jinsi nilivyofika kuishi kwa Nonko Célestin, huyo ndugu wa mama yake Mado, si habari ya leo. Itoshe kwamba nililala kwenye salon, yaani sebuleni, chini ya dirisha, na Mado, ambaye naye alilelewa pale, alilala na watoto wadogo katika chumba cha pili. Ilikuwa nyumba ya kampuni, Shituru, kuta zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani mpaka usawa wa kiuno na chokaa kutoka hapo kwenda juu. Upepo ukitoka upande wa kiwanda, hewa ilikuwa na ladha ya msumari uliowekwa mdomoni, na nyumba nzima ilikohoa kwa zamu. Nonko alikuwa mchomeleaji vyuma. Mwaka ule kampuni ilikuwa bado ina wafanyakazi, ila haikuwa tena na mshahara. Kila asubuhi alivaa ovaroli lililopigwa pasi, akaenda kukaa getini na wenzake, saa sita akarudi. Nilimuuliza siku moja anaenda kufanya nini.

"Nisipoenda," akasema, "watasema minye njo niliacha kazi. Nikienda, ni beye njo hawalipe."

"Na kuna tofauti gani?"

"Nyumba, Donat. Tofauti ni hii nyumba iko juu ya kichwa yako."

Tulikula mara moja kwa siku, jua linaposhuka, watu tisa kwenye beseni mbili: bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo isiyo na karanga. Nilijua matonge ya kila mtu. Mado alikula kama anayefikiria jambo lingine, tonge moja kwa matatu ya wadogo, na beseni ilipobaki tupu alikuwa wa kwanza kusema ameshiba. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi alikwenda kwa miguu mpaka mjini, kwa masista, kujifunza kushona. Ilikuwa imebaki mwaka mmoja apate karatasi yake, na sista mmoja alikuwa amemwambia kwamba akimaliza vizuri ataruhusiwa kutumia mashine ya pale mchana kwa kazi zake mwenyewe. Alilisema jambo hili nyumbani mara moja tu. Watu wa nyumba ile walikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa haelewi habari ya mwakani.

Kuta za vyumba hazikufika kwenye dari, kwa hiyo salon ilisikia yote. Ndivyo nilivyomsikia Mama Béa, mke wa Nonko, asubuhi moja wakidhani nimeshatoka, akisema kwamba yule Polydor wa Kambove ni mtoto mzuri: anachimba, halewi, mama yake anasali.

"Na Mado?" Nonko akauliza.

"Mado nini? Sahani moja itapunguka, na mbuzi wataingia."

"Nasema, yeye mwenyewe. Atakubali?"

"Ah, weye! Si tutamuuliza?"

"Ni kweli," Nonko akasema, na nilisikia sauti yake imetulia. "Tutamuuliza. Mara tatu."

Hakuwa anafanya mzaha. Nimemfikiria sana Nonko kwa sentensi ile. Aliamini kabisa kwamba swali lipo, kwa hiyo uhuru upo. Mimi pia niliamini.

Wiki hiyohiyo Mado alinikuta nyuma ya jiko la nje. Alikuwa anakwangua ukoko wa bukari ndani ya sufuria, na aliniita Yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Yaya Donat, banasema weye unaweza kuuzisha kofia kwa muntu hana kichwa."

"Inategemea kofia."

"Basi uniombee mwaka mumoja." Hakuacha kukwangua. "Simukatale Polydor. Nilimuona, ni muntu muzuri, ana meno yote. Mwaka mumoja paka, mumoja tu, nimalize couture ya masista. Kisha akuye anichukue."

"Mwambie Nonko."

"Nonko atalia. Sitaki kumuona analia. Weye njo utakuwa musemaji, alisema jana."

"Na wakikataa?"

Akanitazama. "Yaya, weye uko musemaji ao uko redio?"

Nilicheka. Nikamwambia mwaka ni kitu kidogo, nitaupata, akae tayari kunishonea suruali. Akanipa kipande cha ukoko, kikubwa kuliko alichobaki nacho. Tulikula tumesimama. Hayo ndiyo mapatano yetu, na sijawahi kufanya mengine niliyoyaelewa vizuri zaidi.

Sasa lazima niseme namna tunavyonunua sokoni, maana humo ndimo nilimopotelea. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja: kitu unachokitaka, usikiguse. Unahitaji pedali? Uliza kengele. Gombania tairi, likasirikie, litupe chini, anza kuondoka. Wakati mguu wako uko njiani, iguse pedali kwa ncha ya kiatu: na hii takataka je? Utaipata. Mtu akionyesha anachokitaka amekwisha kuliwa. Nilikuwa nimeishi miaka minne kwa sheria hiyo, na ilikuwa imenilisha. Kwa hiyo nilipanga siku ya dot kama nilivyopanga siku zote: mwaka wa Mado ungekuja mwisho kabisa, mdogo, kama takataka.

Walikuja Jumapili baada ya misa, kwa kamioneti ya kukodi. Nilihesabu watu arobaini kwenye salon. Mara ya pili arobaini na mmoja, kwa sababu ya mtoto mchanga mgongoni. Nilikuwa katika hali yangu bora. Walianza na mbuzi wawili, nikawapandisha mpaka wanne. Niliyakataa mablanketi, nikayakunja, nikayakataa tena. Baiskeli waliyoileta haikuwa na kengele, nikauliza kama wanataka mzee wetu akanyage watu wa Shituru kimyakimya. Salon nzima ikacheka, hata upande wao ukapiga makofi, na msemaji wao, mtu mnene mwenye kitambaa cha jasho, akaahidi kengele mbili. Kuku walikuwa wameiva. Harufu ya mchele na mafuta iliingia kutoka uani, na Nonko, ambaye tangu jana hakuwa ameweka kitu mdomoni ili wageni watoshelezwe, alikuwa anameza mate kwa mpango. Nilijua Mado yuko nyuma ya pazia, anasikia. Nikaona wakati umefika. Nikajinyoosha kama mtu aliyemaliza, nikasema kwa sauti ya uchovu, "Bon. Iko bado kakitu kamoja kadogo..."

"Kama ni kadogo," msemaji wao akadakia, "musamehe, mukubwa! Tumechoka na weye!"

Kicheko. Nonko naye akacheka, kicheko cha mtu mwenye njaa. "Donat, inatosha. Kadogo kaache. Tusihaibishe bantu. Mama Béa, mulete binti."

Basi. Nilikuwa nimelifanya jambo kuwa dogo, na watu walilitupa kama tunavyotupa vitu vidogo. Ningeweza kusimama na kusema si kadogo, ni mwaka mzima, ni maisha ya mtu. Lakini baada ya saa mbili za mzaha hata mimi nisingejiamini.

Mado akaletwa, akapiga magoti kando yangu. Chini ya kikwembe alinitazama mara moja. Lilikuwa swali. Nikageuka kuangalia mbuzi kupitia dirisha, walikuwa wanne.

"Mado, mutoto wa dada yangu," Nonko akasema, "hii vitu tukule?"

Akanong'ona. Nikasema kwa nguvu, "Anasema ndiyo!"

"Mado, tukule?"

Akanong'ona, chini zaidi. "Anasema ndiyo!"

"Mado. Tukule?"

Hakusema kitu. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na pumzi haikuwa na neno. Nilihesabu mpaka saba. Nikaanza tena, nikafika nne. Mtu alikohoa. Kifuniko cha sufuria kililia uani. Nonko akanitazama, na machoni mwake hapakuwa na amri, palikuwa na ombi, kitu kibaya zaidi. Nikasikia sauti ikisema, "Anasema ndiyo!" na ilikuwa sauti nzuri, ya sokoni, iliyofika mpaka mlangoni alipokaa bwana harusi. Vigelegele vikamwagika. Tulikula. Nilipewa paja.

Tangu hapo nimekigeuzageuza kitu hiki kama kipuri nisichojua kinaingia wapi. Sokoni uhuru uko miguuni. Anayeweza kuondoka ndiye anayepatana bei. Asiyeweza anaimba tu. Nani katika salon ile angeweza kuondoka? Mado, aende wapi? Nonko alikuwa anaishikilia nyumba kwa kwenda kukaa mbele ya geti. Polydor aliletwa na kamioneti ambayo ilipaswa kurudishwa kabla ya jioni, na mama yake aliyekuwa amekwisha tangaza kanisani. Kila mmoja alikuwa anasukumwa na aliye nyuma yake. Nimefuata msururu ule nyuma na nyuma kumtafuta wa mwisho, yule anayesukuma bila kusukumwa, na sikumkuta mtu. Nabaki mimi. Sikuwa na mke, sikuwa na deni kwa yeyote, nilikuwa na miguu miwili. Nilichotakiwa kusema ni "Bado hajajibu." Ni maneno mawili, nimeyahesabu. Siku nyingine najiambia kwamba nami nilikuwa nimekwisha pikwa: njaa ya Nonko, macho yake, sheria ya mzee aliyenifundisha, naye alifundishwa na mwenye njaa kuliko yeye. Ikiwa ni hivyo, sina kosa. Lakini bei hiyo ni rahisi mno, na kitu rahisi hivyo sokoni ama kimeibiwa ama kimevunjika. Na bei ya pili, kwamba nilikuwa huru kabisa na nikafanya vile, sijawahi kuimudu.

Mado aliolewa mwezi uleule. Masista walimpa kadi ya pongezi. Nonko alikaa katika nyumba ile mwaka mmoja zaidi, kisha ikachukuliwa, pamoja na ovaroli na yote; mbuzi walikuwa wamekwisha zamani.

Miaka ilipita mingi kabla sijathubutu. Nilikuwa nimekuja Kambove kutafuta baiskeli zilizochakaa, nikamkuta barazani kwake amezungukwa na magunia ya wachimbaji. Alikuwa anashona midomo ya magunia ya mawe, kwa sindano ndefu na uzi wa nailoni, gunia baada ya gunia, vidole vimekuwa vyeusi.

"Couture," akasema, kabla sijasalimia.

Nikakaa juu ya gunia. Nikamsaidia kushika mdomo wa lingine. Mwisho nikasema, "Mado, ile siku..."

"Ya tatu?"

"Eh."

"Sikusema."

"Najua. Juu ya nini haukusema hapana?"

Akavuta uzi. "Hapana ya nani, yaya? Kuku zilikuwa zimeshaiva. Mama Béa aliazima masahani kwa majirani sita. Ningesema hapana, halafu? Ningeamka kesho mu nyumba gani?" Akashona mishono miwili, mitatu. "Lakini kunyamaza, hakuna mwenye alinifundisha. Ilikuya yenyewe. Nikasema mu roho: acha nione nani atasikia."

"Nilisikia."

"Ulisikia. Ukasema pa fasi yangu." Hakuwa na hasira, ningeomba hasira. "Ya kwanza na ya pili ni zangu. Ya tatu ni yako, uibebe."

Aliukata uzi kwa meno. Kisha akainamisha kichwa karibu, ingawa tulikuwa wawili. "Usimwambie Polydor. Ananitunza, nisimukosee. Na hii ni yangu. Mu hii nyumba yote iko paka hii moja hajui. Wakati mwingine banapiga kelele, watoto, yeye, magunia, na minye naiangalia kidogo. Kisha naendelea."

Niliapa. Safari hii sikusema ni kitu kidogo.

Amina ya tatu ilipopita, Polydor alirudi kati ya viti, akipokea mikono ya watu, akaketi. Mtu alikuwa amemfunga kitambaa cheusi mkononi, na kilikuwa kimelegea. Nikamkazia.

"Beau. Ninangojea."

"Juu ya nini unataka kujua?"

"Juu minye nilikuwa pa mulango, na kwa sauti yako nilisikia tatu. Lakini midomo yake niliiona chini ya kikwembe. Ilitikisika mara mbili." Akainua vidole viwili, vilivyokosa kucha. "Miaka yote, akinyamaza kidogo tu mu nyumba, nawaza: njo ile. Njo ile ya tatu. Sikumuuliza. Angesema ukweli. Sasa weye, hakuna kitu unahesabu mara moja. Uniambie, na nitaachana nayo."

Niliangalia mlango wa nyumba, sanduku lililokuwa ndani, wanawake waliolizunguka. Nilijaribu kujiona niko huru. Hapakuwa na kuku, hapakuwa na Nonko, hakuna aliyenitazama kwa njaa. Nilikuwa na ndiyo mbili za kweli mdomoni, ningeweza kuzitoa nikalala vizuri. Na nilikuwa na neno la mwanamke aliyekuwa ametunza kimya kimoja miaka yote ile, kama wengine wanavyotunza hereni.

"Tatu," nikasema. "Ya mwisho ilikuwa ya chini sana. Ni minye peke yangu nilisikia."

Ni mara ya pili naisema kwa niaba yake. Ya kwanza hakuna aliyenituma. Hii nilitumwa, na bado sijui kama nilichagua kutii au nilitii tu.

Polydor alinitazama kama mtu anayepima uzito kwa mkono kabla ya kuweka kwenye mizani. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole. "Sawa, Beau," akasema. "Tatu." Akainuka kwenda kuwashughulikia wachimba kaburi.

Nilibaki na kikombe kilichopoa. Nimefanya biashara miaka mingi, na mteja anayekubali bei ya kwanza bila kubisha simwamini. Kwa kawaida anakijua kitu kile kuliko anayekiuza, na ameamua kukichukua hivyo hivyo.